Spika ya Safari Usiigeuze ya Ukumbi

Ukitaka kujua kama spika za ukumbi zilichaguliwa kwa akili, wati ziweke kando kwanza. Inua macho uone kilichotundikwa. Ukikuta boksi lenye vishikio ubavuni na tundu la stendi chini, limening'inia hapo mwaka wa tano, kuna mtu alilipia vitu ambavyo ukumbi ule hautavigusa kamwe.

Spika ya safari hununuliwa kwa kumbi ambazo bado hazijulikani. Leo uwanja wa wazi, kesho hema, keshokutwa chumba chenye dari fupi. Inapaswa kubebeka, kufungwa haraka na kuvumilia mvua ya ghafla. Kwa kazi hiyo napendelea zenye amplifaya ndani: kila boksi linataka umeme na sauti tu, na moja likifa mengine yanaendelea. Adui yake ni barabara. Mtikisiko wa lori hulegeza skrubu zinazoshika koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti, na wavu, kwa hiyo spika ikianza kukoroma kwenye besi, usikimbilie kununua koni mpya. Kaza skrubu kwanza, kwa mkono, mshazari kama nati za gurudumu. Drili ya umeme hula meno ya nati zilizopachikwa kwenye plaiwudi, na hapo umejiongezea kazi.

Ukumbi wa kudumu ni habari nyingine, kwa sababu chumba kipo na kinapimika. Honi, yaani mdomo wa spika unaoelekeza sauti, ikiwa na pembe ya nyuzi 60, kwa umbali wa mita 10, hufunika upana wa takriban mita 11.5. Ya nyuzi 90 hufunika mita 20. Ukumbi wako ukiwa na upana wa mita 12, hiyo ya nyuzi 90, ambayo ndiyo utaikuta kwenye maboksi mengi ya safari, inamwaga sauti ukutani. Sauti hiyo inarudi imechelewa na maneno ya msemaji yanavurugika. Kinachofuata kinajulikana: mtu anaongeza sauti, ukuta nao unaongeza, na watu wa nyuma hawaambulii kitu.

Halafu kuna kebo kutoka amplifaya hadi spika, jambo ambalo wengi hulikumbuka dari likishafungwa. Chukua kebo ya milimita za mraba 2.5 yenye urefu wa mita 50. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 100 za shaba, zenye ukinzani wa karibu omu 0.7. Unganisha spika mbili za omu 8 sambamba, upate omu 4, na takriban asilimia 15 ya volti inaishia njiani: desibeli 1.4, kipimo cha nguvu ya sauti, zimepotea kabla mtu hajasikia chochote, na amplifaya haiwezi tena kuituliza koni vizuri isiendelee kutikisika. Kebo ya milimita za mraba 4 hushusha hasara hiyo hadi karibu desibeli 0.9.

Kwa spika nyingi ndogo za matangazo, tumia laini ya volti 100, ambapo amplifaya hupeleka volti ya juu na transfoma kwenye kila spika huishusha. Spika 12 zilizowekwa kwenye wati 30 ni wati 360. Nunua amplifaya ya 500, maana ile ya 400 itafanya kazi bila nafasi ya kupumua. Kosa baya ni kuchomeka spika ya kawaida ya omu 8, isiyo na transfoma, kwenye laini hiyo. Sauti ikifika juu kabisa, spika hiyo itadai wati 1,250. Ama iungue, ama amplifaya ijizime.

Vishikio ni vya mikono, havitundikiwi. Tumia matundu ya bolti aliyoyaweka mtengenezaji, kisha ongeza waya wa chuma wa usalama ulioshikizwa mahali pake peke yake, usio na ulegevu mwingi. Boksi likianguka hata sentimita chache kabla ya kudakwa, mshtuko wake ni mkubwa kuliko uzito wake mara nyingi.

Na ukumbini amplifaya zikae kwenye chumba chake, chini, fundi azifikie bila kukodi jukwaa la kupandia. Kila kebo ipewe namba, namba ileile kwenye ncha zote mbili, kabla dari halijafungwa.