Mama Mkubwa Hakususa

Siku ya tatu tangu arudi kutoka wodini alikolazwa kwa kiharusi, mama mkubwa alikula nusu ya sahani. Sisemi alikula kidogo. Alikula nusu kama mtu aliyepiga mstari katikati: kulia kumebaki peupe, hata punje moja ya wali hakuna, kushoto wali uko vilevile ulivyopakuliwa, na kipande cha changu wa kupaka kimekaa juu yake, mchuzi umeanza kuganda. Akaniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, leo samaki wamekosekana sokoni?"

Nilijua ananisema. Kwa malezi yetu ya Tanga, mtu mzima akiuliza hivyo na samaki yuko mbele yake, basi kuna jambo limemuudhi na wewe ulitafute. Binti yake, ambaye ndiye aliyepika, akaingia jikoni kulia. Tukaafikiana kwamba mama kasusa. Wiki mbili nzima tulikaa na wazo hilo, kila mmoja akijipekua alimkosea nini, na wengine wakaanza kumjibu kwa mkato.

Aliyetufumbua macho ni mjukuu wake wa miaka saba. Alikuwa anamtolea bibi miba, akaigeuza sahani ili aifikie vizuri. Mama mkubwa akainama. "Aa, kumbe yupo!" Akamla wote.

Kiharusi chake kilipiga ubongo upande wa kulia. Hospitali tuliambiwa mkono na mguu wa kushoto vimepooza, tukapewa dawa za presha na karatasi ya mazoezi. Hayo ni kweli na tunashukuru. Ambacho hatukuambiwa ni kwamba ubongo wa kulia ndio unaobeba mzigo mkubwa wa kutuwekea dunia sawa mbele yetu, na ukiumia sehemu zile za nyuma kidogo, juu ya sikio, mtu anaweza kuwa na macho mazima kabisa na upande wa kushoto usiwepo kwake. Hauoni kama giza, wala haoni kwamba kuna kitu kinakosekana. Haujui kuwa upo. Ndiyo maana alikuwa anagonga bega la kushoto kila anapopitishwa mlangoni, na ukimsemesha kutoka kushoto anamtafuta msemaji kulia.

Mwaka 1978, huko Milano, Italia, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaomba wagonjwa wa namna hii wafunge safari kichwani: wajione wamesimama kwenye uwanja mkubwa wa mji wao, wanalitazama kanisa kuu, wataje wanayoyaona. Wakataja majengo ya kulia, ya kushoto wakayaacha. Kisha wakaambiwa wajione wamesimama upande wa pili, kanisa likiwa mgongoni. Sasa yale waliyoyaacha ndiyo wakayataja, na yale ya mwanzo yakapotea. Mji wote walikuwa nao kichwani, walichokosa ni njia ya kuufikia upande wa kushoto. Niliposoma habari hiyo nilikaa kitako. Dada yetu mkubwa aliyekuwa akishinda anasema "mama angetaka angeona," nilimsomea mara mbili.

Kwa lugha za Ulaya hali hii imepewa jina linalomaanisha kupuuza. Naomba tusilichukue. Kwa Kiswahili anayepuuza amekusudia, na hilo ndilo kosa tulilomfanyia mama mkubwa.

Kuna jambo lilitutisha zaidi. Asubuhi moja aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaninyooshea. "Huu wa nani? Mwenyewe kauacha hapa." Nikamwambia ni wako, mama. Akacheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto anayesema uongo mdogo. Jioni nyumba ilijaa, na neno jini likatajwa kabla ya chai kumiminwa. Sina ugomvi na dua; mimi mwenyewe nikiumwa husomewa. Ila mtu kutoijua sehemu yake iliyopooza kumeandikwa na madaktari zaidi ya miaka mia moja. Mfaransa Joseph Babinski ndiye aliyekupa jina, anosognosia, mwaka 1914, kwa wagonjwa waliopooza upande wa kushoto wakawa hawajui kwamba wamepooza. Hata mkono huo ulipoanza kurudi kidogo, tulimwekea ufunguo kiganjani akiwa amefumba macho. Akaupapasa kwa shida, akasema, "Kigumu. Cha baridi." Ni kipi? Hakujua. Tukauhamishia mkono wa kulia: "Si ufunguo wa kabati langu!" Ngozi ya mkono wa kushoto ilikuwa inahisi, lakini kazi ya kuunganisha ubaridi na ugumu mpaka ukapata ufunguo ilikuwa imekatika juu huko.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mzee, fundi cherehani wa suti, aliyewashonea harusi nusu ya mtaa. Kiharusi chake yeye kilipiga ubongo upande wa kushoto. Maneno yalipungua, mkono wa kulia ukalegea kisha ukapata nguvu, na bado hakuweza kushona. Nilikuwepo siku mwanawe alipompa mkasi. Mzee aliugeuza, akaukamata kwenye makali, akaupeleka kwenye kitambaa kama mtu anayepiga pasi. Akasimama, akautazama mkono wake muda mrefu. Mwanawe akasema, "Baba kashakuwa mtoto." Mzee alisikia. Na alielewa, nilimwona usoni.

Huyo hakuwa amekuwa mtoto. Hiyo ni apraksia: nguvu ipo, anachotakiwa kufanya anakielewa, ila ule mpangilio wa mwendo, kipi kitangulie na kidole kikae wapi, haufiki mkononi. Mwaka 1900 daktari Mjerumani, Hugo Liepmann, aliandika habari za mtumishi wa serikali wa miaka 48 aliyekwisha kuhesabiwa kuwa akili zimemruka, maana akiambiwa afanye hili anafanya lile. Liepmann akaushika mkono wake wa kulia usicheze, akamwachia wa kushoto peke yake. Wa kushoto ukafanya alichoambiwa. Kumbe siku zote mtu yule alikuwa anaelewa.

Cha kuumiza ni kwamba apraksia inaweza kumfanya mgonjwa aonekane mwongo. Mwambie mzee yule, "Tupungie mkono wa kwaheri," atahangaika, mkono utaishia kwenye shavu. Lakini mjukuu akiondoka kwenda shule, mkono wenyewe huo unanyanyuka na kupunga, bila kuagizwa. Watu wakiona hivyo wanasema anadeka, akitaka anaweza. Hapana. Mwendo unaojiendea kwa mazoea na mwendo wa kuagizwa havipiti njia moja ndani ya ubongo, na kwake iliyovunjika ni moja.

Haya ndiyo ninayoyadai, na nayadai kwa nguvu: kabla familia haijapewa ruhusa ya kumpeleka mgonjwa wa kiharusi nyumbani, apimwe na haya, na familia iambiwe. Haihitaji mashine. Chora mstari kwenye karatasi, mwambie mgonjwa atie alama katikati. Aliyepoteza upande wa kushoto ataitia mbali kulia. Mwambie achore saa ya ukutani, uone kama namba zote zimesongamana upande mmoja. Mpe chanuo, uone anakipeleka wapi. Ni dakika kumi. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ubongo unapojirudi kwa kasi kubwa, na sisi wiki mbili za miezi hiyo tulizimalizia kwenye kununa. Na kununa ni afadhali. Mtu asiyejua upande wake wa kushoto ukimwacha peke yake na jiko la mkaa, au avuke barabara yenye bodaboda, unampeleka kwenye msiba.

Kwa ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia tuliyempata baadaye, tuliweka utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa sinia. Kazi ya mama mkubwa ni kuutafuta kabla ya kula: anageuza shingo polepole, anapita kwenye wali, anapita kwenye mchicha, mpaka auone wekundu ule, ndipo anasema bismillahi. Siku nyingine inamchukua dakika nzima na hakuna anayemharakisha.

Juzi binti yake alisahau kuuweka. Mama mkubwa alikula mpaka katikati, akasita. Kisha akaigeuza sahani mwenyewe.