Trikloroethilini na Parkinson: ushahidi umefika wapi?

Trikloroethilini ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamutamu, kinachokata grisi kwenye vyuma ajabu. Viwanda vilikipenda, drai-klina zilikitumia, na kuna wakati hata madaktari walikifanya nusukaputi. Kwamba kinaleta saratani, ubishi umekwisha. Uliobaki ni wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mikono na kukakamaza mwili.

Ushahidi mzito umetoka kambi ya kijeshi ya Lejeune, North Carolina, Marekani, ambako kemikali hiyo iliingia kwenye maji ya kunywa kati ya 1953 na 1987. Mwaka 2023 watafiti waliwalinganisha wanajeshi waliokaa hapo na wenzao wa Pendleton, California, ambako maji hayakuchafuka hivyo. Lejeune walikutwa wagonjwa 279 kati ya watu 84,824. Pendleton 151 kati ya 73,298. Baada ya kusawazisha umri na tofauti nyingine za makundi hayo mawili, hesabu ikatoa hatari iliyozidi kwa asilimia 70.

Asilimia 70 inatisha, ila ukiigeuza kuwa vichwa vya watu ni 33 hivi katika kila 10,000, dhidi ya 21. Tena hakuna aliyepimwa alikunywa kiasi gani, na maji yale yalikuwa na sumu nyingine pia, benzini ikiwemo. Mtetezi wa viwanda atang'ang'ania hapo, na kwa hilo hasemi uongo.

Utafiti wa mapacha wa 2012, jozi 99, mmoja mgonjwa na mwenzake mzima, uliikadiria hatari kuwa mara sita kwa aliyekutana na kemikali hii. Magazeti huishia hapo. Hayasemi kwamba kwa uchache wa jozi hizo, jibu la kweli lingeweza kuwa popote kuanzia zaidi kidogo ya mara moja hadi mara 33.

Kinachonivuta mimi ni panya. Waliponyweshwa kemikali hii maabara, zilikufa seli zilezile za ubongo ambazo Parkinson huziua, zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Dozi zilikuwa kubwa, sawa, lakini sasa inaonekana njia ambayo kemikali hii ingeweza kupita mwilini hadi kuleta takwimu zile za kambini.

Kwa kupiga marufuku, ushahidi huo unanitosha. Marekani ilitangaza marufuku Desemba 2024. Kumwambia mzee mmoja anayetetemeka mikono kwamba chanzo ni hiki ni jambo jingine. Tangu 2017 mwanajeshi mstaafu mwenye Parkinson aliyekaa Lejeune siku 30 katika miaka ile hadaiwi kuthibitisha kwamba chanzo ni hiki ili alipwe fidia. Fundi aliyeosha vyuma kiwandani miaka ishirini kwa kemikali hiyohiyo, utaratibu huo haumhusu.