Orodha ya kukagua tovuti haitoshi

Kuna makala niliyoisoma inayopendekeza wanafunzi wapewe orodha ya kukagulia tovuti: ina tarehe? Ina jina la mwandishi? Anwani yake inaishia na .org, mwisho unaohusishwa na mashirika yasiyo ya faida? Mimi ni mwalimu na pendekezo hili nalipinga kabisa. Karibu kila kilichomo kwenye orodha hiyo mdanganyifu anaweza kukitengeneza mwenyewe. Anwani ya .org husajiliwa na yeyote anayeilipia, na tovuti ya kitapeli inaweza kupendeza kuliko ya chuo kikuu.

Sam Wineburg na Sarah McGrew, watafiti wa elimu waliokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, waliwatazama wanahistoria 10, wakaguzi wa habari 10 (watu ambao kazi yao ni kuhakiki ukweli wa habari) na wanafunzi 25 wa chuo hicho wakipima tovuti. Wanahistoria, watu wenye shahada ya uzamivu, mara nyingi walihadaiwa na nembo na majina ya tovuti sawa na wanafunzi. Wakaguzi hawakukaa kwenye ukurasa. Waliondoka mapema, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti na nani anawafadhili. Ndipo wakarudi kusoma.

Hilo ndilo la kufundisha, tena si kwa kipindi kimoja cha maktaba mwanzoni mwa mwaka. Liingie kwenye biolojia, historia, hata hisabati pale takwimu zinaponukuliwa. Na jamani walimu wenzangu, tuache kuwakataza wanafunzi Wikipedia! Tuwafundishe kushuka hadi kwenye marejeo chini ya ukurasa, wayafungue, waone kama kweli yanasema kinachodaiwa.