Vyaelea vimeundwa, ila fundi alilipwa lini?

Mpangilio wa jeni za kirusi cha UVIKO-19 ulitangazwa Januari 2020, na Desemba mwaka huohuo watu wakaanza kuchanjwa. Wengi walishtuka. Haraka yote hii imetoka wapi? Lilikuwa swali la haki kabisa, na naona lilijibiwa vibaya, kwa sifa nyingi za teknolojia mpya na mshikamano wa dunia. Jibu halina mvuto huo: sehemu ngumu ya kazi, yaani kuchunguza muundo (umbo) wa protini za virusi, ilikuwa imeshafanywa, na walioifanya walikuwa wameshalipwa, miaka kadhaa kabla ugonjwa wenyewe haujapata jina.

Tuuangalie mwiba wa kirusi cha korona. Ni protini inayoishika seli na kukiwezesha kirusi kuingia, na ina maumbo mawili. Kabla ya kuingia husimama kwa umbo moja. Wakati wa kuingia hufyatuka ikawa kitu kingine, kirefu na chembamba. Mwili ukifundishwa umbo la pili, kingamwili nyingi zitakazotengenezwa hazitazuia chochote. Somo hili lilipatikana kwa gharama mbaya kwenye kirusi kingine, RSV, kinachobana vifua vya watoto wachanga. Miaka ya 1960 chanjo yake ya majaribio iliwazidishia watoto ugonjwa badala ya kuwakinga, na wawili wakafariki. Umbo la protini yake kabla haijafyatuka lilipatikana mwaka 2013, na chanjo za kwanza za RSV zikaidhinishwa mwaka 2023.

Watafiti wa Marekani, kina Jason McLellan, Barney Graham na Andrew Ward, waliuhamishia ujuzi huo kwenye kirusi cha MERS, kirusi kingine cha korona. Walibadilisha asidi amino mbili tu (vipande vinavyojenga protini) kwenye mwiba, wakaweka nyingine iitwayo prolini. Prolini ni ngumu, haipindiki kirahisi. Ukiipachika pale protini inapotaka kujinyoosha, inakwama kwenye umbo la kwanza. Walichapisha hilo mwaka 2017. Kirusi kipya kilipofika, mwiba wake wenye asidi amino 1,273 ulifanyiwa vilevile, na Februari 2020 muundo wake ukachapishwa. Chanjo za Moderna na Pfizer zimebeba prolini hizo mbili.

Sasa fikiria wewe ni mjumbe wa kamati ya kugawa ruzuku mwaka 2014. Mbele yako kuna andiko la watu wanaotaka kupiga picha mwiba wa kirusi ambacho dunia haikijali sana. Fomu inauliza: ni manufaa gani yatapatikana ndani ya miaka mitatu? Mtafiti mkweli angeandika kwamba hajui. Mjanja angeahidi dawa. Mfumo wetu wa ruzuku humpa fedha mjanja, kisha unamlaumu kwa kutoleta dawa.

Tabia ya pili inaniudhi zaidi: fedha hufuata vifo, na vifo vikipungua nazo zinaondoka. Ugonjwa wa SARS wa 2003, nao wa kirusi cha korona, uliua watu 774, ukatoweka, na hamu ya wafadhili ikatoweka nao. Mtafiti wa chanjo Peter Hotez na wenzake wa Texas walikuwa na chanjo ya SARS tayari kwa majaribio mwaka 2016, wakakosa wa kuyagharimia. Aliliambia hivyo Bunge la Marekani Machi 2020. Pfizer nao walikuwa na kiambata cha kuzuia kimeng'enya ambacho kirusi cha SARS hukihitaji ili kuzaliana, wakakiweka kando ugonjwa ulipoisha. Walikirudia mwaka 2020, na kazi hiyo ikazaa nirmatrelvir, dawa iliyomo kwenye Paxlovid, vidonge vya kutibu UVIKO-19.

Ungedhani tumejifunza. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitenga takriban dola milioni 577 kwa vituo tisa vya kutafuta dawa dhidi ya virusi vinavyoweza kuleta janga, na kuchunguza miundo ya protini zake kulikuwa kiini cha kazi hiyo. Machi 2025 fedha zikakatwa, kwa hoja kwamba janga limekwisha. Kumbe janga kwisha ndiyo nafasi yenyewe ya kufanya kazi ile.

Kwenye VVU mambo yalikwenda tofauti. Tangu mwaka 1987 Marekani ilikuwa na mpango maalumu wa kugharimia uchunguzi wa miundo ya protini za VVU, na uliendelea muongo baada ya muongo. Kina Wesley Sundquist wa Utah waliichunguza kapsidi, gamba linalofunika jeni za kirusi, tangu miaka ya 1990, wakati halikuwa na dawa hata moja. Leo tuna lenacapavir, dawa inayobana gamba hilo na kuchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika jaribio la Afrika Kusini na Uganda ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2024, kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hakuna ruzuku ya miaka mitatu ingeweza kuahidi hilo.

Na fedha hizo huliwa na nini hasa? Wafadhili hupenda kununua darubini ya elektroni, inayopiga picha za protini, maana inapigika picha siku ya uzinduzi. Lakini kazi kubwa iko kabla ya darubini. Kuna fundi anayehangaika miezi kadhaa na protini inayoganda ovyo au isiyotaka kutengenezeka. Akishaipata, anadondosha tone kwenye kiwavu chenye upana wa milimita tatu, anafyonza maji yanayozidi, anakichovya kwenye ethani iliyopoa sana ili maji yagande bila kuwa fuwele. Barafu ikiwa nene, picha ni giza. Ikiwa nyembamba mno, protini zimeharibika. Anarudia. Ujuzi huo hauandikiki kwenye ripoti. Mkataba wake ukiisha katikati ya mradi, anaondoka nao, na darubini ya mamilioni inabaki ikidai nitrojeni na bili ya matengenezo.

Kuna wanaosema akili bandia imemaliza kazi hii, kwamba programu ya AlphaFold inabashiri muundo wa protini kwa dakika chache. Ni chombo kizuri, na Nobel ya 2024 ilistahili. Ila ilifundishwa kwa Benki ya Data ya Protini, hifadhi ya wazi ya miundo iliyochunguzwa maabara, iliyoanza mwaka 1971 na miundo saba na kuvuka 200,000 mwaka 2023, mingi ikiwa imelipiwa na ruzuku za umma. Tena kwa kawaida inakupa umbo moja, wakati mwiba tuliouona hapo juu una mawili.

Sisemi kila andiko lilipwe. Mradi mkubwa wa Marekani wa miundo ya protini, ulioanza mwaka 2000 na kufungwa 2015, ulilaumiwa kwa kurundika miundo ambayo wanabiolojia wengi hawakuwa na haja nayo, na lawama hiyo ilikuwa na ukweli. Fedha ni chache na wagonjwa wa leo wana haki yao.

Ningetaka ruzuku zitolewe kwa familia nzima za virusi, si kwa kirusi kilichotokea kwenye habari wiki hii. Ziwe za miaka saba hadi kumi, mshahara wa fundi na matengenezo ya darubini yakiwa ndani ya bajeti tangu mwanzo. Kila muundo uwekwe hadharani, hata wa jaribio lisilozaa dawa. Kirusi cha Nipah kinajulikana tangu 1999, huua sehemu kubwa ya wanaokipata, na mpaka leo hakina chanjo iliyoidhinishwa. Ningeanzia na familia yake.