Kasapa haitamfungua mbwa yule

Wiki tatu zilizopita, katika kundi la WhatsApp la avenyi yetu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, mtu alituma picha ya mbwa wa jirani: amefungwa kwa waya kwenye mwembe, waya umemla shingo hadi nyama inaonekana, na sufuria ya maji, tena kavu, iko mahali asipoweza kuifikia. Kabla jua halijazama hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa na umma: miaka mitano katika gereza la Kasapa. Kijana mmoja wa chuo kikuu akatukumbusha kwamba Uingereza na Wales walipandisha mwaka 2021 kikomo cha kifungo kwa ukatili dhidi ya wanyama kutoka miezi sita hadi miaka mitano, na kwamba Ufaransa iliongeza adhabu zake mwaka huohuo. Akauliza sisi tumepungukiwa na nini.

Mimi pia niliunga mkono, na sasa najuta.

Kesho yake asubuhi polisi walikuja kumchukua mzee yule mwenye mbwa. Alirudi kabla ya chakula cha jioni, akatusimulia bila haya kwamba kutoka kwake kulimgharimu bei ya mbuzi mzima. Mbwa alikuwa bado kwenye mwembe, ila waya ulikuwa mpya. Na kwa kuwa fedha ya mbuzi ilikuwa imetoka nyumbani mwake, wa kwanza kukosa chakula wiki ile alikuwa mbwa.

Hapo ndipo ninapogombana na wapenda miaka mitano. Kwetu, miaka inapoongezeka katika kitabu cha sheria, kinachopanda kwanza ni bei ya kutoka mikononi mwa aliyekukamata. Mwenye makosa ya miezi sita hulipa kidogo, mwenye makosa ya miaka mitano huuza baiskeli, na katika hesabu zote hizo mnyama hatajwi. Asiye na cha kuuza ndiye atakayeingia gerezani, yaani yule kijana anayewaleta mbuzi sokoni wakiwa wamefungwa miguu, vichwa vinaning'inia karibu na gurudumu, wala si tajiri aliyemtuma, ambaye jioni utamkuta akila michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, kwa utulivu. Kisha kijana huyo atakaa miezi mingi akingoja kesi, kama walivyo wengi wa walioko katika magereza ya nchi hii, ambao hakuna hakimu aliyekwisha kuwahukumu.

Na Kasapa yenyewe tunaitaja kana kwamba ni shule ya huruma. Ni gereza lililojengwa kwa watu wapatao 800, likajazwa zaidi ya maradufu. Septemba 2020, uasi ulipozuka humo, wafungwa wanawake walibakwa kwa siku kadhaa. Sijui ni upole gani kwa mbwa ambao mtu atatoka nao mahali kama pale.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo wanaostahili kufungwa. Waliowateka sokwe watatu wachanga katika kituo cha kuwahifadhi hapa Lubumbashi, Septemba 2022, wakadai fedha ili wawarudishe, hao ni wafanyabiashara wa uhalifu, na siwalilii.

Lakini katika sheria ya Waingereza kuna jambo ambalo kijana wetu hakulituma kundini. Mahakama zao zinaweza kumnyang'anya mkatili mnyama wake na kumpiga marufuku kufuga mwingine. Hilo halihitaji ukuta wala mlinzi wa gereza. Tajiri wa mbuzi, ambaye chumba cha polisi hakimtishi kwa kuwa anaijua bei yake, angetetemeka akisikia kwamba mbuzi sitini watashushwa kwenye lori lake na hatawaona tena. Utasema kwamba hata hapo rushwa itaingia. Itaingia, ndiyo, lakini lori likishushwa mchana mbele ya soko zima ni vigumu kulipakia upya kimyakimya.

Jumapili nilimwendea mzee. «Mzee, niuzie mbwa huyu.»

Akacheka. «Mwanangu, mbwa ni wangu.»

Alisema kweli, na hakuna ofisi mjini humu ambayo ningeweza kuiendea iseme vinginevyo. Tangu siku hiyo nateremsha maji ukutani kwa kopo lililofungwa kamba, saa mzee anapokuwa kazini.