Kuzaa bila dawa: kwa hiari au kwa kukosa?

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa bila dawa yoyote ya maumivu. Si ushujaa; hakuna aliyeniuliza kama naitaka. Ndiyo maana niliposikia wadada wa mjini wanalipia madarasa ya kupumua ili wazae "kiasili", nilicheka.

Sicheki tena, ila bado naona tunachanganya mambo. Katika hospitali nyingi za umma, Tanzania na Kenya, mama anayezaa kawaida haipati epidurali, ile sindano ya mgongoni ya kuondoa maumivu ya uchungu. Inataka mtaalamu wa usingizi, tena mtu wa kuangalia presha ya mama na mapigo ya moyo ya mtoto muda wote. Mkunga mwenye wazazi watano leba ataipatia wapi nafasi hiyo? Anayejivunia kuikataa ni yule aliyekuwa na uwezo wa kuipata.

Hoja ya wanaoikataa si ya kupuuzwa. Tangu miaka ya 1930 daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alisema hofu huukaza mwili, na mwili ukikaza maumivu huzidi. Aliyewahi kuingia leba akiwa anatetemeka anajua alichomaanisha. Epidurali nayo ina gharama zake: presha inaweza kushuka, miguu ikawa mizito, muda wa kusukuma ukarefuka, na uwezekano wa mtoto kuvutwa kwa vifaa ukaongezeka.

Lakini kwa kuondoa maumivu hakuna mbinu ya kupumua inayoifikia, na ile hofu kwamba inampeleka mama kwenye kisu, tafiti za sasa haziiungi mkono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unaikubali kwa mama mwenye afya anayeiomba. Mtu aliyepata uchungu usiku kucha na njia haifunguki, kumwambia "vumilia, mama yako alivumilia" ni ukatili tu.

Mwongozo huohuo unataka mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye. Hapo ndipo maandalizi yalipo, kuliko kwenye mpira wa mazoezi wa yale madarasa. Uzazi wangu wa pili shangazi aliruhusiwa kuingia. Kila uchungu ulipokuja alinikandamiza kiunoni kwa ngumi, akaninong'oneza, "Puliza, mwanangu, kama unapoza uji." Tukatembea kwenye korido, nikachuchumaa nimeshika chuma cha kitanda. Maumivu hayakupungua sana, nisiwadanganye. Kilichopungua ni upweke, na nikaacha kupigana na mwili wangu.

Kuna mahali sina pande mbili. Wapo wanaosema "bila dawa" huku wamekunywa mitishamba ya kuharakisha uchungu. Hiyo ni dawa, tena isiyo na kipimo. Baadhi ya mitishamba hiyo hukaza mfuko wa uzazi kiasi cha kuupasua, hasa kwa mwenye kovu la upasuaji. Na ile sindano ya oksitosini, yuniti 10, inayochomwa mtoto akishatoka ili kuzuia kutokwa damu nyingi, usiikatae kwa jina la uasili. Haihusiani na maumivu. Damu ikianza kumwagika baada ya kuzaa, muda wa kumwokoa mama huwa mfupi mno.

Kwa hiyo ukifika mwezi wa nane wa ujauzito muulize mkunga wa kliniki: nikizidiwa, mna nini cha kunipunguzia? Mnaruhusu nitembee, nisukume nikiwa nimechuchumaa? Naweza kuingia na mtu wangu? Hilo la mwisho mara nyingi hukataliwa kwa sababu wodi haina mapazia, na wazazi wengine wanahitaji stara. Beba kanga za ziada. Shangazi alifunga moja kati ya kitanda changu na cha jirani, na mkunga aliyekuwa ameanza kunung'unika akaishia kuomba nyingine.