Busta ya Nyuma ya Vyoo

Mwenye ploti yetu hapa Kaptembwa alikubali busta, yaani mnara wa simu, isimamishwe nyuma ya vyoo. Kampuni ikaanza kumlipa, na mwezi huohuo sisi wapangaji akatupandishia kodi. Yeye mwenyewe anaishi Lanet. Tangu hapo hakuna ugonjwa usio na chanzo.

Kuku wa Mama Brayo wakisusa kutaga, ni busta. Fundi viatu alikuwa na upara kabla hata simu hazijafika Nakuru, lakini sasa unaitwa upara wa busta. Brayo karudia darasa, eti mawimbi yamemwingia kichwani. Nikauliza mbona hayakumwingia dadake anayeongoza darasa, nikaambiwa nimekula pesa za kampuni. Mimi! Ningekuwa nimekula, dukani ningekuwa bado nadaiwa sukari?

Wasomi nao hawasaidii. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliyaweka mawimbi ya redio, ya simu yakiwemo, kwenye kundi la 2B, yaani huenda yakaleta saratani. Huenda! Mama Brayo alisikia hilo neno moja akafunga masikio. Sasa kila asubuhi anasaga alovera, jani zima na maganda yake, anakunywa ya kutoa mawimbi mwilini, nyingine anawapa kuku. Nani atamwambia kwamba dondoo ya jani zima la alovera nayo iko kundi lilelile la 2B? Si mimi. Ana mwiko mkubwa.

Tena WHO wanasema mionzi inayotufikia kutoka kwa minara iko chini sana ya viwango vya kimataifa. Simu uliyobandika sikioni ndiyo inayokupa mingi zaidi, na netiweki ikiwa hafifu simu hujikaza ikatoa mingi kupita hapo. Na netiweki yetu ni hafifu! Antena zinarusha mbele, haziangalii chini, kwa hivyo mawimbi yanatupita juu kama matatu iliyojaa. Yakibaki ya kuokota, mabati yanayazuia. Wa ng'ambo ya barabara wanatazama video. Mimi kusema "halo" natoka nje na taulo.

Kinachoniua mimi ni jenereta ya busta. Stima ikipotea, inanguruma usiku kucha chini ya dirisha langu, na asubuhi shati langu jeupe kwenye kamba lina rangi ya jivu. Moshi wa dizeli, shirika lilelile la saratani liliuweka kundi la kwanza mwaka 2012, pamoja na sigara. Huko hakuna huenda.

Jumapili nikasimama kwenye mkutano wa ploti nikayasema yote haya. Walisikiliza vizuri. Kisha Mama Brayo akauliza: jenereta ikiondolewa, stima ikipotea askari wa busta atatuchajia wapi simu?

Kimya. Hoja yangu ikafa hapo hapo, nami sikuweza kubishana sana, maana yangu pia ilikuwa kwa askari inachaji.